Kuchagua lebo za kubandika kwenye slaidi za picha bila kuziharibu

Baba yangu mdogo alikuwa bwana shamba mkoani Tanga miaka ya 1970. Kila alipokwenda kwenye mashamba ya mkonge au kufundisha wakulima alibeba kamera yenye filamu ya slaidi, kwa sababu jioni aliwaonyesha watu picha ukutani kwa projekta. Alipofariki tulikuta masanduku manne yamejaa slaidi. Mtu wa nyumbani, kwa nia njema kabisa, alikuwa amezibandika stika nyeupe, zile za kuandikia majina kwenye madaftari, na juu ya kila stika akaandika mahali na mwaka. Tulipokuja kuyafungua masanduku, stika zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Nyingine zilikuwa zimedondoka chini na hakuna aliyeweza kusema zilitoka kwenye slaidi ipi. Gundi ilibaki kwenye fremu ikinata kama ulimbo, ikashika slaidi za jirani, na tulipozitenganisha, mbili zilibanduka ngozi ya picha. Moja ilikuwa ya bibi yetu akiwa shambani, na hatuna nyingine kama ile.

Tangu hapo nimejifunza kuweka slaidi za watu kadhaa: familia, parokia, shule moja. Wengi wananiuliza swali lile lile, wabandike lebo gani. Haya ndiyo majibu yangu, kwa utaratibu ninaoufuata mimi mwenyewe.

Hatua ya 1: Tazama ulichonacho

Slaidi ya kawaida ni kipande cha filamu ya milimita 35 kilichowekwa ndani ya fremu ya mraba, milimita 50 kwa 50. Fremu inaweza kuwa ya kadibodi, ya plastiki, au ya plastiki yenye vioo viwili. Zitenge kwa makundi hayo matatu kabla ya kufanya jambo lingine, maana jibu la kadibodi si jibu la plastiki.

Unapozitenga, nusa. Harufu kali ya siki ni dalili kwamba filamu yenyewe imeanza kuoza, na slaidi hizo zitengwe na wenzake siku hiyo hiyo. Tazama pia kama kuna ukungu, yaani nyuzi nyeupe au madoa yenye matawi juu ya picha. Huku pwani, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, ukungu ni mgeni wa kawaida. Usiufute kwa maji. Ukungu hula jelatini inayobeba picha na kuifanya iyeyuke kwenye maji, kwa hiyo kitambaa chenye maji kinaweza kuondoka na picha yenyewe. Slaidi ya namna hiyo haihitaji lebo leo. Inahitaji mahali pakavu kwanza.

Jambo la mwisho hapa: je, slaidi hizi zitawekwa tena kwenye projekta? Kama jibu ni ndiyo, lebo yoyote utakayoweka itapita kwenye joto la taa na kwenye mlango mwembamba wa mashine. Lebo iliyoinuka kona inatosha kuikwamisha slaidi katikati ya mashine. Ikikwama mbele ya taa inaungua.

Hatua ya 2: Jiulize kama lebo inahitajika kweli

Hapa nasema wazi ninachokiamini: lebo salama kuliko zote kwa fremu ya kadibodi ni kutokuwa na lebo. Kadibodi inapokea penseli vizuri. Chukua penseli laini, B au 2B, na uandike namba kwenye ukingo wa fremu bila kukandamiza. Penseli haipauki, haisambai ikilowa, haina kemikali ya kuihamia picha, na ukikosea unafuta. Ni shilingi chache, na huna haja ya kuagiza kitu kutoka ng'ambo.

Kalamu ya bolpeni iache kabisa. Wino wake una mafuta, hupenya na kusambaa, na ncha yake inabonyeza. Kalamu za maka zenye harufu ya spiriti nazo ziache, maana wino wake hupenya kadibodi hadi upande wa pili.

Plastiki haishiki penseli. Hapo una njia mbili: kalamu yenye wino wa pigmenti ulioandikwa kwamba haupauki na hauyeyuki kwa maji, au lebo. Wino wa pigmenti kwenye plastiki laini unaweza kuchukua muda kukauka na mwingine hufutika kwa kidole hata baada ya siku nzima, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye fremu tupu. Ukishindwa, au kama fremu ni nyeusi na maandishi hayaonekani, ndipo tuzungumze lebo.

Na iwe kadibodi au plastiki, kinachoandikwa kwenye slaidi ni namba tu. Simulizi yote, nani yuko kwenye picha, wapi, siku gani, nani alipiga, inakwenda kwenye rejesta. Ukikubali hili, lebo yako inakuwa ndogo, gundi inakuwa kidogo, na hata siku lebo ikidondoka hujapoteza habari. Sisi tulipoteza kwa sababu stika ndiyo ilikuwa daftari letu la pekee.

Hatua ya 3: Uliza kuhusu gundi kabla ya karatasi

Watu wakinunua lebo huuliza kama karatasi haina asidi. Ni swali zuri, lakini ni la pili. Kinachogusana na fremu, kinachotoa mvuke ndani ya sanduku, kinachotiririka wakati wa joto la Januari, ni gundi.

Gundi za lebo za kujibandika zina koo kuu mbili. Ya kwanza imetengenezwa kwa mpira. Ni ya bei nafuu na inashika mara moja, ndiyo maana imejaa kwenye stika za kawaida na kwenye selotepu za zamani. Lakini hewa na joto huibadilisha. Mwanzo inalainika na kutoka pembeni mwa lebo, halafu inageuka njano, kisha kahawia, na mwisho inakauka na kuachia. Mpira pia unaweza kuwa na salfa, na salfa ni adui wa fedha inayounda picha katika slaidi za nyeusi na nyeupe. Kwa sababu hiyo hiyo usifunge slaidi kwa mipira ya kufungia noti.

Ukoo wa pili ni akriliki. Hii haigeuki njano kwa urahisi, haitiririki upesi, na inadumu muda mrefu zaidi. Ukichagua lebo ya kujibandika, chagua yenye gundi ya akriliki. Kama pakiti haisemi gundi ni ya aina gani, chukulia kwamba si akriliki, uirudishe rafuni.

Je, akriliki yoyote inafaa? Hapana. Watengenezaji huchanganya vitu vingi ndani yake, na vingine vinaweza kuidhuru picha. Hapo ndipo kinapokuja kipimo kinachoitwa PAT, kipimo cha athari za vifaa kwa picha. Kimewekwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 18916, na taasisi inayojulikana zaidi kwa kukifanya ni Image Permanence Institute ya Rochester, New York, iliyoanzishwa mwaka 1985. Wanachukua kifaa kinachopimwa, kiwe karatasi, wino, gundi au lebo nzima, wanakibana pamoja na vipande maalumu vinavyoonyesha haraka kama picha ingefifia au ingepata madoa, kisha wanaviweka kwenye joto la nyuzi 70 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 86 kwa siku 15. Hewa ya chumba hicho ni kali kuliko stoo yoyote ya Tanga au Mombasa. Baadaye wanapima mabadiliko na kuyalinganisha na karatasi safi iliyokaa humo humo.

Kwa hiyo tafuta maneno haya kwenye pakiti au kwenye maelezo ya muuzaji: imefaulu PAT, ISO 18916. Tena uliza kilichofaulu ni nini. Nimeona tangazo ambalo karatasi ndiyo ilipimwa, gundi ilipakwa baadaye. Tunataka lebo nzima ikiwa na gundi yake.

Hatua ya 4: Soma pakiti kwa makini

Neno la Kiingereza linalomaanisha "ya kumbukumbu", lile archival, linachapishwa kwenye kila kitu siku hizi, kuanzia albamu hadi kalamu. Halina kipimo nyuma yake. Muuzaji yeyote anaweza kuliandika. "Haina asidi" lina maana, lakini linahusu karatasi siku ilipotengenezwa tu, na halisemi chochote kuhusu gundi. Niliwahi kuuliza kwenye steshenari moja gundi ya lebo ni ya aina gani, kijana akanijibu, "Dada, hii ni orijino." Sikumlaumu. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Lebo zenye kushika kwa muda, zinazobanduka kirahisi, zinavutia kwa sababu unafikiri utaweza kuziondoa baadaye. Kwenye slaidi hazifai. Zimetengenezwa ziachie, na zitaachia, ndani ya sanduku au ndani ya projekta.

Lebo za plastiki ya PVC, ile ya vinaili, usiziguse. Vilainishi vyake huhama na kuacha mafuta juu ya kila kinachokaa karibu. Kama unataka plastiki, poliesta ni salama, lakini kwa slaidi karatasi nyembamba inatosha. Stika za rangi, zile za duara nyekundu na kijani, rangi zake nyingi hutoka zikipata unyevu. Lebo zenye tabaka la alumini nyuma zinauzwa kwa ajili ya vitabu na masanduku. Ni nzuri huko, lakini kwenye slaidi zinaongeza unene.

Wapi pa kununua? Maduka yanayouza vifaa vya nyaraka, kama Gaylord Archival na University Products za Marekani au Preservation Equipment ya Uingereza, huandika matokeo ya PAT kwa bidhaa zilizopimwa, na ukiwaandikia barua pepe kuuliza wanajibu. Sisi tulimwagiza shangazi aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza. Kurasa chache za lebo ni nyepesi kuliko jozi ya kandambili, na zinatosha mamia ya slaidi. Zibebwe zikiwa bapa, katikati ya kitabu.

Hatua ya 5: Pima nafasi

Dirisha la slaidi iliyolala, yaani tundu la fremu linaloonyesha picha, lina takriban milimita 23 kwa 34. Ondoa hiyo kwenye 50, utaona kwamba juu na chini panabaki kama milimita 13 kila upande, na kushoto na kulia kama 8. Lebo isifike kwenye dirisha wala isifike ukingoni mwa fremu. Urefu wa kwenda juu usizidi milimita 10 hadi 11, na upana usizidi 44.

Kurasa za lebo za A4 zenye vipande 65, zinazopatikana sana madukani kwetu, zina vipande vya milimita 38.1 kwa 21.2. Hata gundi yake ingekuwa nzuri, ingebidi ukate kila kimoja katikati. Kata kwa kisu chenye makali na rula ya chuma, kabla ya kubandua karatasi ya nyuma. Mkasi uliochoka huacha kingo zenye nyuzi, na hapo ndipo lebo huanza kuinuka.

Upande mmoja tu wa fremu. Lebo mbili, mbele na nyuma, hunenepesha slaidi hadi isitelemke kwenye trei ya projekta, na kwenye kurasa za mifuko ya plastiki ya kuhifadhia hubana slaidi inayofuata.

Hatua ya 6: Jaribu kwenye slaidi mbovu

Kila sanduku lina slaidi zilizochomwa na mwanga au nyeusi tupu. Usizitupe. Bandika lebo kumi juu yake, nyingine kwenye kadibodi na nyingine kwenye plastiki, uzipange zikiwa zimegusana, uweke kitabu kizito juu, uziache mahali pa joto palipofunikwa, kama juu ya kabati karibu na dari. Mwezi mmoja, au miwili ukiweza.

Kisha zitazame kwa kioo cha kukuzia. Je, kuna utepe wa gundi unaong'aa pembeni mwa lebo? Pitisha kidole: kinanata? Kona zimeinuka? Slaidi zinashikana? Maandishi yamehamia kwa jirani? Kama una projekta, pitisha hizo kumi mara kadhaa na uangalie lebo zikitoka zikiwa na joto. Jibu la ndiyo hata kwa swali moja linatosha kuikataa lebo hiyo.

Jaribio hili halichukui nafasi ya PAT. Linakuonyesha kama gundi inatembea au inaachia, ila haliwezi kukuonyesha kemikali inayopausha rangi polepole kwa miaka 20. Unahitaji yote mawili.

Hatua ya 7: Andika, kisha bandika

Printa ya leza ni rafiki. Tona nyeusi ni unga wa plastiki na kaboni ulioyeyushwa juu ya karatasi. Haipauki na haisambai kwa maji. Printa ya wino wa kawaida epuka, tone moja la jasho linatosha kuharibu namba. Ukurasa wa lebo uingie kwenye printa mara moja tu, ukiwa mzima. Ukurasa uliobanduliwa nusu huacha gundi ndani ya mashine. Kuandika kwa mkono ni sawa pia: penseli, au wino wa pigmenti ulioachwa ukauke.

Namba iwe fupi na ijipange yenyewe kwenye orodha. Sisi tunatumia herufi tatu za mkusanyo, namba ya sanduku, namba ya slaidi: TNG-02-017. Sifuri za mbele ziwepo.

Kabla ya kubandika, ishike slaidi mbele ya dirisha la nyumba uione picha ikiwa wima na isiyogeuka kushoto kulia. Upande unaokutazama hapo kwa kawaida ni ule unaong'aa. Upande wenye dawa, yaani ile jelatini inayobeba picha, ni ule uliofifia, na ukiinamisha kidogo unaona mistari ya picha ikiwa na kina. Bandika lebo upande unaong'aa, ili slaidi zote zisomeke kwa namna moja. Ukiwa umeishika hivyo, weka nukta ndogo ya wino wa pigmenti au penseli kwenye kona ya chini kushoto. Hii ni desturi ya zamani ya wapiga slaidi: slaidi ikipinduliwa kichwa chini kuingia kwenye trei, nukta inakuja juu kulia chini ya kidole gumba, na mwonyeshaji anajua ameiweka sawa. Nukta ya stika haina haja, ni gundi ya bure.

Fremu iwe kavu na bila vumbi. Vaa glavu za pamba au osha mikono na kuikausha, shika kingo tu. Pitisha mgongo wa kijiko safi juu ya lebo kutoka katikati kwenda pembeni, kwa uzito mdogo. Kisha ziache wazi siku mbili zikiwa zimefunikwa kitambaa kisafi kisichogusa, kabla ya kuziingiza kwenye mifuko. Mifuko yenyewe iwe ya poliesta, polipropilini au polithini.

Usibandike chochote juu ya mhuri au maandishi ya zamani. Fremu nyingi za Kodak zina mwezi na mwaka uliogongwa na maabara. Ni tarehe ya kusafishwa filamu, huenda miezi kadhaa baada ya kupigwa, lakini mara nyingi ndiyo tarehe pekee uliyonayo.

Stika za zamani tayari zipo: ufanyeje?

Hili ndilo swali gumu, na ndilo lililotugharimu. Kwanza piga picha kila slaidi kwa simu, mbele na nyuma, stika ikiwa mahali pake. Pili nakili kila neno kwenye rejesta kama lilivyo, hata makosa ya tahajia. Ni baada ya hapo tu ndipo unagusa.

Stika iliyokauka na kuachia yenyewe iinue, andika namba ya slaidi nyuma yake kwa penseli, uiweke kwenye bahasha. Iliyoshika vizuri na haina gundi pembeni iache, haina ugomvi na wewe. Inayotoa gundi ndiyo inayohitaji kazi. Usitumie asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, wala thina, wala petroli. Asetoni huyeyusha plastiki za fremu nyingi na huyeyusha filamu ya asetati yenyewe. Nilimwona mtu akijaribu kwa tone moja tu kwenye pamba. Kona ya picha ilijikunja mbele ya macho yetu.

Njia salama ni kuhamisha filamu kwenye fremu mpya. Fremu nyingi za plastiki zinafunguka kwa ukucha. Za kadibodi zimegandishwa kwa joto, kwa hiyo chana ukingo mmoja kwa wembe, taratibu, mbali na dirisha, na umwachie kazi hii mwenye mkono uliotulia. Shika filamu kwenye kingo zenye matundu. Fremu ya zamani yenye mhuri na maandishi ihifadhiwe kwenye bahasha yake, nje ya sanduku la slaidi, ikiwa na namba ile ile. Zilizoshikana mbili mbili usizivute. Fungua fremu ya nje kwanza, na kama gundi imefika kwenye picha, mpelekee mtaalamu wa uhifadhi.

Rejesta

Daftari gumu lililoandikwa kwa penseli au wino wa pigmenti, na nakala kwenye kompyuta. Safu zangu ni namba, mahali, tarehe iliyogongwa, tarehe inayokisiwa, waliomo, maandishi ya zamani, hali ya slaidi, na nani alituambia. Kaa na wazee wakati bado wapo. Shangazi alitambua watu tisa kwenye picha moja ya mkutano wa wakulima, na mmoja alimtambua kwa namna alivyofunga kilemba.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa rejesta, andika jina la lebo uliyotumia, aina ya gundi, namba ya toleo iliyo kwenye pakiti, ulinunua wapi na lini, na slaidi zipi zina lebo hiyo. Watengenezaji hubadilisha gundi bila kubadilisha jina. Bandika lebo moja ya akiba kwenye kadi nyeupe isiyo na asidi, andika tarehe, uiweke kwenye bahasha pamoja na rejesta, mbali na slaidi. Kila mwaka mvua za masika zikiisha, itoe uitazame pembeni na uiguse kwa kidole. Ikianza kunata, unajua tayari ni slaidi zipi za kufungua kwanza.